Leo Nimegonga Picha ya Mtaliano

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya wazungu na waswahili, nikiwa nimevaa kanzu. Tena kanzu ya kuazima.

Najua wengi mmeshaona kile kipande alichoweka Chande kwenye status yake. Sekunde thelathini. Mmecheka. Nimeviona vile vikatuni vyenu vya kutoa machozi, nimevihesabu kimoja kimoja. (Mwalimu Athumani umeweka kumi na viwili. Shikamoo mwalimu.) Sasa kaeni niwasimulie mwenyewe tangu mwanzo, maana kile kipande kimekatwa, na pale kilipokatwa ndipo palipo na kisa.

Asubuhi nilikuwa nyumbani kwangu Ndagoni nafua nazi. Ndiyo kazi yangu siku hizi, kufua nazi za watu. Zamani nilikuwa fundi kalafati. Chombo kikivuja naitwa mimi, naziba mapengo ya mbao kwa pamba na mafuta ya papa, nagonga kwa nyundo ya mti, maji hayaingii. Nilikuwa naitwa Omari Kalafati, na jina hilo nilikuwa nalisikia kwa raha. Siku hizi naitwa Omari Tundu. Nalisikia pia. Sina masikio mengine.

Akaja shemeji yangu Chande na pikipiki. Huyu ni kaka wa mke wangu, dereva wa bodaboda, anapenda kurekodi kuliko kula.

"Shemeji, vaa. Leo Kilindoni kuna maonyesho kwenye makumbusho mapya."

"Maonyesho ya nini?"

"Picha. Za Mtaliano aliyekufa."

"Mimi na Mtaliano aliyekufa tumekutana wapi?"

"Kuna pilau."

Nikasimama.

Kanzu sina, yangu ilichakaa nikaifanya tambara la kufutia madirisha. Chande akanipa ya kwake. Chande ni mfupi. Kanzu yake kwangu iliishia katikati ya ugoko, na makwapani ilinibana mpaka nikawa natembea mikono imeachana na mwili kama kuku anayeota jua. (Hilo nalo mmeliona kwenye video, msijifanye.)

Tulipofika nusu ya njia nikamuuliza, "Nani anapika?"

"Mwanaidi na wenzake."

"Simamisha pikipiki."

Hakusimamisha. Chande breki zake anazijua mwenyewe.

Mwanaidi ni mke wa mdogo wangu Faki. Marehemu Faki. Mwanaidi ana miaka tisa hajaitikia salamu yangu. Tukikutana njiani nasema asalaam alaykum, anaitazama mikono yangu, anapita. Anaitazama mikono kwa sababu ameambiwa kuwa ndiyo iliyomuua mumewe.

Na aliyemwambia namtaja. Mbaraka. Nyote mnamjua, mwenye mashua, mwenye duka, mwenye sauti. Mashua yake ya uvuvi ilikuwa inaitwa Salama. (Cheka kama unataka, hilo jina hata mimi huwa linanichekesha siku nyingine.) Aliniita niipige kalafati. Nikalala chini yake, nikagonga ubao mmoja mmoja. Ubao mzima ukiugonga unaitika. Ubao mbovu unakaa kimya. Ubao wa chini, jirani na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ulikaa kimya. Nikaingiza patasi, ikazama kama kwenye papai.

Nikamwambia, "Mzee Mbaraka, ubao huu utolewe. Umeliwa na wadudu, umeisha."

Akasema, "Tia kiraka. Kesho wanatoka."

Nikakataa. Akasema tena. Nikakataa tena. Mara ya tatu nikatia. Hapo ndipo kosa langu, nalibeba mwenyewe, sitafuti mtu wa kunisaidia. Nilichukua gunia, nikalikunja, nikalishona kwa mshono wa marehemu baba, mitatu ikienda, miwili ikirudi, nikalitia lami ya moto, nikaligongomea. Kesho yake nikapanda na mimi, kwa sababu Faki alikuwa anapanda. Nilijiambia, angalau nitakuwa karibu na kiraka changu.

Upande wa Ras Mkumbi kiraka kiliachia. Tulikuwa watano, tulirudi watatu. Mimi niliokotwa na wavuvi wa dago, wale wa bara wanaopiga kambi kwa msimu, nimekumbatia dumu la mafuta. Faki hakuokotwa. Faki alikuwa anajua kuogelea kuliko mimi.

Ofisi ya kijiji ilipouliza, Mbaraka alishika msahafu akasema: chombo changu kilikuwa kizima, mbao zote mpya, hakina kiraka hata kimoja, kimezama chote, hakikurudi hata kijiti. Kisha akauliza, "Kalafati alipiga nani?" Watu wakageuza shingo. Nahodha wetu Ngwali, aliyekiona kiraka kwa macho yake mawili, akasema hakukiona. Mwezi uliofuata Ngwali alikuwa nahodha wa chombo kipya cha Mbaraka. Namtaja na yeye, asinune.

Nilitaka kitu kimoja tu kwenye dunia hii. Kile kiraka. Kionekane. Mwanaidi akione, ajue kwamba kulikuwa na ubao mbovu na mtu aliambiwa. Niliutafuta ubao ule ufukweni mwaka mzima. Watu wakasema Omari amerukwa na akili.

Basi turudi kwenye pilau.

Makumbusho yenyewe yamewekwa kwenye lile ghala la zamani la mbata, zile nazi kavu. Limepakwa chokaa, limewekewa feni, lakini ukiingia harufu ya mbata bado iko ukutani. Mwenye maonyesho ni dada mmoja wa Kitaliano, Klara, amekaa hapa kisiwani miaka mingi, Kiswahili anakijua kuliko Chande. Hizo picha ni za baba yake mdogo. Zilikuja kwenye masanduku zimefungwa kama mayai.

Mlangoni nani amekaa kiti cha mbele, amejifukiza udi mpaka nzi wanampisha? Mgeni rasmi. Mbaraka! Siku hizi ni mwenyekiti wa kamati ya makumbusho. Anatunza kumbukumbu za kisiwa. (Mungu ana utani wake.)

Nikasema, "Shikamoo." Mdomo unazoea.

"Marahaba, Tundu. Na wewe umekuja kutazama sanaa?"

"Nimekuja kutazama pilau."

Waliokaa naye wakacheka. Nikaona bora, wameshacheka, leo yangu imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Klara akahutubia. "Karibuni sana wageni wangu. Baba yangu mdogo alikwenda vitani. Vita ilipoisha akarudi mji wake, akakuta nyumba hakuna, rangi ya kununua hakuna. Akachukua magunia yaliyochanika, lami, mabati, mbao zilizoungua. Akasema, basi nitachora na hivi vilivyobaki."

Nikamwelewa yule mzee. Kusema kweli nilimwelewa kuliko mgeni rasmi. Sisi tukiishi na vilivyobaki tunaitwa maskini, yeye alitundikwa ukutani akawashiwa taa.

Klara akaendelea, "Na mimi pia nimeokota vitu kwenye fukwe zenu, kule upande wa Ras Mkumbi. Mbao, kamba, vipande vya nyavu. Vitu hivyo mtaviona..."

Alisema tutaviona wapi. Sikusikia. Wakati huohuo kule uani Mwanaidi alifunua sufuria, harufu ya mdalasini na nyama ikaingia dirishani, akili yangu ikatoka kupitia hapohapo. Kama ningemsikiliza maneno manne zaidi, leo mngekuwa mnamcheka mtu mwingine.

Tukaanza kuzunguka. Picha ya kwanza nyeusi tupu, juu nyeusi, chini nyeusi. Nikadhani umeme umekatika humo ndani. Ya pili ni kitambaa cheupe kimepasuliwa katikati, mpasuo mrefu kama mkono.

Nikamwambia Klara kwa upole, "Dada, hii imechanika njiani."

"Hapana, aliichana yeye mwenyewe."

"Kwa hasira?"

"Kwa kufikiri."

Mimi nikichana shuka kwa kufikiri, mke wangu atanirudisha kwa mama yangu. Ya tatu bati lenye kutu. Paa langu lina picha tatu za aina hiyo, na mvua ikinyesha zinaongezeka.

Chande nyuma yangu anarekodi. "Shemeji, sema neno kuhusu sanaa."

"Sanaa ina njaa."

Nikageuka kona. Nikasimama.

Ukutani mbele yangu kulikuwa na ubao umeungua pembeni. Juu ya ubao, gunia. Gunia limekunjwa, limeshonwa kwa uzi mnene, limepakwa lami, lami imepasuka kwa ukavu. Na kwenye gunia herufi nyekundu.

Gunia la kiraka changu lilikuwa na herufi nyekundu.

Ndugu zangu! Sikuona picha. Niliona chini ya Salama. Nililiona gunia langu nilipoliacha, limelowa, limekauka, limerudi. Nikakumbuka, Klara ameokota vitu Ras Mkumbi! Amesema mwenyewe! Miaka tisa nakililia, kumbe kipo Kilindoni kimepigwa msumari, kinatazamwa na wazungu!

Nikasogea. Kulikuwa na kamba ya kuzuia watu. Nikaivuka. (Kanzu fupi ina faida zake.) Kulikuwa na kijikaratasi chini ya picha chenye maandishi madogo. Miwani sina, na hata ningekuwa nayo, darasa la tatu nililoachia haliniruhusu kusoma Kitaliano.

Nikafanya alivyonifundisha baba. Nikagonga. Ngo, ngo, ngo, kwa kifundo cha kidole.

Ikakaa kimya. Kimya kilekile!

Nikahesabu mishono. Mitatu ikienda. Miwili ikirudi.

Nikanusa. Nikaweka pua kabisa. Nikasikia mafuta ya papa, wallahi nilisikia. Nikakwangua lami kwa ukucha nione chini yake, kukatoka kipande kama punje ya mchele.

"Mzee! Usiguse! Tafadhali usiguse!" Klara anakuja mbio.

Hapo nikapiga kelele. Sijapiga kelele namna ile tangu siku ya dumu.

"Huu ni ubao wa Salama! Njooni muuone! Njooni nyote! Hiki ni kiraka changu! Mbaraka, njoo uape tena! Shika msahafu uape hapa, mbele ya kiraka!"

Ukumbi mzima ukaja. Wazungu wakaja na glasi zao za juisi. Wapishi wakatoka uani, Mwanaidi yumo, mwiko mkononi. Mbaraka akaja polepole na fimbo yake. Nilipomwona Mwanaidi nikanyoosha mkono kuonyesha gunia, kanzu ya Chande ikalia kwapani, praaa! mpaka kiunoni.

"Shemeji Mwanaidi! Tazama! Nilikwambia kulikuwa na kiraka!"

Klara akashika kifua, maskini, anahema. "Mzee wangu, ubao gani? Hii ni kazi ya baba yangu mdogo. Aliifanya Italia. Aliifanya kabla wewe hujazaliwa."

"Umesema umeviokota Ras Mkumbi!"

"Nilivyookota mimi viko juu ya meza, mlangoni. Nimesema, mtaviona juu ya meza mlangoni."

Maneno manne. Juu ya meza mlangoni. Nikageuza shingo. Kweli, kuna meza. Ina kamba, nyavu, na kandambili moja ya bluu.

Kicheko cha kwanza kikaanza kule nyuma.

Mtu mwenye akili hapo huomba radhi akaenda kula. Mimi nikasema, "Mshono! Mshono ni wa baba yangu! Mitatu ikienda, miwili ikirudi! Hesabu!"

Klara ni mtu wa heshima, akahesabu kweli. Akaweka kidole bila kugusa. "Moja. Mbili. Tatu..."

Ukumbi ukahesabu naye, kwa sauti moja kama watoto wa chekechea: "NNE!"

Ilikuwa minne. Minne ikienda na mmoja ukirudi. Nilikuwa nimehesabu nilichokitaka.

Jengo likalipuka. Waliacha kucheka kwa mdomo, wakawa wanacheka kwa mabega. Mzungu mmoja asiyejua hata neno 'karibu' alicheka. Kipande cha Chande kinaishia hapo, kwenye nne, na mimi nimesimama kanzu imepasuka, mdomo wazi, ubavu nje. Hapo ndipo mlipoweka vikatuni vyenu.

Lakini mimi niliendelea. Aibu ikikushika vizuri inakusukuma mbele. Nikasema kwa sauti ya kulia, "Basi uko wapi? Ubao wa Salama uko wapi?"

Mbaraka alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kilemba. Na Mbaraka akishapata watu wa kumchekea huwa hajui kuacha, anaongeza chumvi. Akapiga fimbo sakafuni, akageukia wageni wake, akasema:

"Omari Tundu! Wewe mjinga wa namna gani? Ubao wa Salama utafikaje ukutani hapa? Ule niliuchoma mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nyuma ya jiko langu, pamoja na hicho kiraka chako cha gunia! Nenda kautafute kwenye majivu!"

Wakacheka zaidi. Nikashikwa mkono wa kulia na mkono wa kushoto na vijana wa mlangoni, nikatolewa nje, miguu inagusa na haigusi. Masikio yangu yalikuwa yamejaa kicheko. Sikusikia kitu kingine.

Wakanikalisha barazani. Nikadhani yameisha. Akaja Klara na bahasha na kibano cha kung'olea nyusi.

"Tafadhali, naomba mkono wako."

"Dada, unanikata kidole?"

"Hapana. Kile kipande cha lami kiko kwenye ukucha wako. Ni cha picha."

Akapiga magoti mbele yangu, akakichokoa taratibu kama mtu anayetoa mwiba, akakitia kwenye bahasha, akaandika juu yake. Nilimwomba radhi. Akasema, "Nisamehe na wewe. Hakuna mtu aliyewahi kuiamini picha hii kama wewe." Sijui kama alinisifu au alinituliza. Ninachojua, hata uchafu wa kucha zangu sasa uko makumbusho.

Kisha akaja Chande, simu mkononi, amepinda kwa kicheko hawezi kusimama. "Shemeji, nimeweka ile ya kuhesabu kwenye status, watu mia wameshaitazama! Hebu jione ulivyogonga! Ngo ngo ngo!"

Akaichezesha yote, ile ndefu, kutoka mwanzo. Nikajiona. Nikaiona kanzu inavyopasuka. Nikaisikia nne. Nikatamani lami inizibe. Ikaendelea. Nikamsikia Mbaraka.

Nikasema, "Rudisha nyuma."

"Ile ya kanzu?"

"Ya Mbaraka. Rudisha."

Akarudisha. Chande bado anacheka. "Ule niliuchoma mimi mwenyewe..."

"Rudisha tena."

Akarudisha. Safari hii hakucheka. Chande siyo mwerevu sana, lakini miaka tisa ni mingi, hata yeye anajua Mbaraka aliapa nini. Hakikurudi hata kijiti. Hakina kiraka hata kimoja. Kumbe kijiti kilirudi. Kumbe kiraka kilikuwepo, na kuni zilikuwepo, na kiberiti kilikuwepo.

Nyuma yetu sauti ikasema, "Rudisha."

Nikageuka. Mwanaidi. Amesimama na sahani ya pilau. Sijui tangu lini. Neno hilo hakuniambia mimi, alimwambia Chande. Mimi hakunitazama.

Chande akarudisha. Tukasikiliza watatu. Sahani mkononi mwa Mwanaidi ilikuwa imeinama upande, punje za wali zinadondoka moja moja juu ya sakafu ya baraza. Ilipoisha akainama, akaweka sahani chini, karibu na mguu wangu. Siyo mkononi. Karibu na mguu. Akaingia ndani.

Sikumfuata, lakini dirisha lilikuwa wazi. Mbaraka amekaa kwenye sinia la wageni wa heshima, mkono uko njiani kwenda kwenye paja la mbuzi. Mwanaidi akafika, akaliinua sinia lote.

"Bi Mwanaidi, sijamaliza."

"Umemaliza."

"Kuna nini mama?"

"Nenda kautafute kwenye majivu."

Akaondoka nalo. Mkono wa Mbaraka ukabaki hewani umekunjwa vidole, kama mtu anayeombea mvua. Hiyo Chande hakuirekodi! Kila siku anarekodi mbuzi wanavuka barabara, hiyo hakuirekodi! Namtaja na yeye.

Nilikula ile pilau. Niseme ukweli, niliila yote, na zile punje za sakafuni niliziokota. Wakati wa kuondoka Mwanaidi alikuwa anasugua masufuria mlangoni. Nikasema asalaam alaykum. Safari hii hakuitazama mikono yangu. Mdomo wake ulicheza, lakini Chande alikuwa ameshawasha pikipiki, ile yenye bomba bovu, sikusikia kitu. Nilimwambia zima. Akasema ikizimwa haiwaki. Basi sijui. Labda aliitikia. Labda alikuwa anatafuna kitu. Nimetoka kuhesabu mishono nilivyotaka mara moja leo, sihesabu tena.

Faki harudi. Hilo nalijua, msinikumbushe. Na lile gunia nililitia mimi, mara ya tatu nililitia, hilo halichomeki nyuma ya jiko la mtu.

Alasiri nimefika nyumbani, sijavua hata kanzu, akaja Ngwali. Nahodha Ngwali, kwa miguu yake, mpaka Ndagoni. Hajawahi kukanyaga kwangu tangu msiba.

"Omari, Mzee Mbaraka ameambiwa kuna video ndefu, anasema ifutwe. Yalikuwa maneno ya mzaha. Mtavuruga mji."

Nikamwambia, "Ngwali, karibu nazi. Wewe kiraka ulikiona au hukukiona?"

Akatazama nazi. Akasema, "Yameshapita, Omari."

"Nimekuuliza kuona, sikukuuliza kupita."

Akaondoka. Hakunywa hata dafu.

Kwa hiyo kabla magharibi haijaingia nimemwomba mke wangu, anayeniandikia haya, aichukue kwa kaka yake aiweke hapa chini, yote, haijakatwa. Kanzu ya Chande nitaishona mwenyewe, mitatu ikienda, miwili ikirudi, safari hii nitahesabu na miwani ya jirani. Klara kama unasoma, ile kamba sitaivuka tena.

Na nyie siwaombi msicheke. Chekeni, mmeshaanza. Chekeni ninavyogonga, chekeni ninavyonusa, chekeni kanzu, hesabuni mpaka nne kwa sauti. Kisha nyamazeni kidogo mtege sikio, hapo ndipo Mbaraka anapoongea.